Mara mbili ya wangapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo lililonikera tangu nikiwa kazini hadi leo ninapokula pensheni yangu hapa Tanga, nalo ni namna magazeti, redio na televisheni zetu zinavyotangaza hatari za kiafya. Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka thelathini na moja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika chumba cha uzazi wa mpango. Naandika, basi, kama mtu ambaye kila Jumatatu alipokea mezani kwake matokeo ya yale ambayo wahariri walikuwa wameyachapa Jumapili. Barua yangu ni ndefu. Nakuomba, ukilazimika kuikata, uniachie angalau tarakimu zake, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya daladala asubuhi, dereva amefungulia redio, na mtangazaji akawa anasoma vichwa vya habari vya magazeti ya siku hiyo kama ilivyo desturi. Kimoja kilisema kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vyaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda. Mtangazaji akaguna, mwenzake akasema "akina mama mnasikia huko", wakaendelea na habari za ligi. Jioni ya siku hiyo hiyo mkwe wa jirani yangu, binti mwenye watoto wawili na wa mwisho bado hajatimiza mwaka, alikuja kwangu na pakiti yake ya vidonge vya majira, ameifunga kwenye pindo la khanga. Baada ya kunisalimia akaniambia, "Mama, mimi nimeacha tangu asubuhi. Vinagandisha damu mara mbili." Nikamuuliza, mara mbili ya wangapi? Hakujua. Kesho yake nilinunua lile gazeti, nikaisoma habari yote kuanzia jina la mwandishi hadi nukta ya mwisho. Hata mwandishi hakusema ni mara mbili ya wangapi.

Hilo ndilo jambo langu, Mhariri. Mara mbili ya kitu kidogo sana hubaki kuwa kitu kidogo, na mara mbili ya kitu kikubwa ni msiba. Msomaji asiyepewa kiwango cha kuanzia amepewa hofu tupu, hata kama kila neno aliloandikiwa ni la kweli.

Kuhusu vidonge hivyo iko historia ambayo kila mhariri wa habari za afya angepaswa kuijua. Mwezi Oktoba 1995 kamati ya Uingereza iliyosimamia usalama wa dawa ilitoa onyo kwamba vidonge vya kizazi cha tatu, ambavyo wakati huo vilikuwa vipya sokoni, viliongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu vikilinganishwa na vidonge vya kizazi kilichotangulia. Vyombo vya habari vya huko vililibeba onyo hilo kwa maneno hayo hayo, mara mbili, na wanawake wengi wakatupa vidonge vyao, vipya kwa vya zamani. Ukizitazama hesabu zenyewe, kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani mmoja alipata bonge la damu kwa mwaka, na kati ya wanawake 7,000 waliotumia vipya walipata wawili. Ongezeko lote lililotikisa nchi lilikuwa la mwanamke mmoja katika kila 7,000. Mwaka uliofuata ilikadiriwa kwamba mimba zilizotolewa katika England na Wales ziliongezeka kwa takriban 13,000, mbali na zile ambazo hazikutolewa na zikazaa watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamewapangia.

Kwa asiyezoea hesabu za namna hii, auchukue Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, umejaa watu 60,000, kisha adhani kwamba wote ni wanawake wanaotumia vidonge (najua kwamba siku hiyo ni ndoto). Kwa vidonge vya zamani, katika mwaka mzima wangepata tatizo wanane au tisa katika uwanja wote, na kwa vidonge vipya wangekuwa kumi na saba. Wale wanane walioongezeka ni watu, wana mama zao na watoto wao, na mimi sijawahi kumwambia mteja kwamba hawahesabiki. Lakini mwanamke aliyeonyeshwa uwanja huo anaweza kuamua mwenyewe, ilhali aliyeambiwa "mara mbili" pekee hana cha kuamulia.

Kuna jambo jingine lililokosekana katika ile habari ya redioni, nalo ni kubwa zaidi. Ujauzito wenyewe hugandisha damu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikitumia makadirio ya juu kidogo kuliko yale ya 1995, hueleza kwamba kati ya wanawake 10,000 ambao si wajawazito na hawatumii vidonge, mmoja hadi watano hupata bonge la damu kwa mwaka; kati ya wanaotumia vidonge, watatu hadi tisa; kati ya wajawazito, watano hadi ishirini; na katika wiki kumi na mbili baada ya kujifungua hatari hiyo hupanda hadi kufikia kiwango cha wanawake 40 hadi 65. Binti aliyeacha vidonge kwa kuogopa damu kuganda, bila kuhamia kwenye sindano, kijiti au kitanzi, amekimbia hatari ndogo na kuelekea kwenye kubwa, na kichwa cha habari ndicho kilichomwelekeza njia hiyo. Isitoshe, vidonge vinavyotolewa katika vituo vyetu vingi vya umma ni vya ile aina ya zamani yenye homoni iitwayo levonogestreli, yaani ile iliyotumika kuwa kipimo cha unafuu katika onyo la 1995. Nilichotamani kukikuta katika habari ile ni maelezo ya nani hasa ajihadhari, kwa maana wapo wanaopaswa kujihadhari: mwenye zaidi ya miaka 35 anayevuta sigara, mwenye presha ya juu, aliyewahi kupata bonge la damu. Zikifuata dalili za kukimbilia hospitali, kama mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana ghafla, habari ingekamilika, na isingechukua zaidi ya mistari minne.

Huenda utanijibu kwamba maelezo ya namna hiyo huwekwa ndani ya habari, na kwamba kichwa cha habari kazi yake ni kumwita msomaji. Jibu hilo lingekuwa na uzito katika nchi ambayo watu wananunua gazeti na kulisoma. Kwetu, wewe unajua kuliko mimi, kwa kila mtu mmoja anayenunua gazeti wapo wengi wanaosimama mbele ya meza ya muuza magazeti, mikono nyuma, wakisoma kurasa za mbele na kuondoka, na wapo wengi zaidi wanaosomewa vichwa hivyo redioni kabla hawajafika kazini. Kwa wote hao kichwa cha habari ndiyo habari nzima. Ukiweka hofu katika kichwa na utulivu katika aya ya tisa, umewapa hofu watu wa mji mzima na utulivu wale wachache waliolipia gazeti.

Hapo pia lugha yetu inatusaliti kidogo, nami nalisema hili kwa mapenzi ya Kiswahili. Mtafiti huandika kwamba kitu fulani "kimehusishwa na" ugonjwa, maana yake ameviona viwili vikiandamana na bado hajajua kipi kilichomleta mwenzake. Mfasiri wa chumba cha habari, akiwa na nafasi ya maneno matano, huandika "chasababisha". Kisha ule mtindo wetu wa vichwa vya habari, unaofupisha kitenzi kuwa "yaua", "zaleta", "chagandisha", huondoa kila "huenda" na kila "baadhi" iliyokuwamo. Mwandishi hajadanganya kwa makusudi. Ametumia sarufi ya ukurasa wa mbele, na sarufi hiyo haina mahali pa shaka.

Mfano wa wazi zaidi tuliupata tarehe 26 Oktoba 2015, pale Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na lina makao yake Lyon, Ufaransa, lilipotangaza kwamba wataalamu 22 kutoka nchi 10 wameiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, katika Kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo ndilo lenye tumbaku. Duniani kote vichwa vya habari vikasema kwamba soseji ni sawa na sigara, nasi tukavipokea na kuvitafsiri kama vilivyo. Lakini makundi ya shirika lile hupima uthabiti wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara. Ni kama hakimu aliyejiridhisha pasi na shaka kwamba huyu aliiba kuku na yule aliiba ng'ombe: wote wawili wana hatia, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba waliiba mali sawa. Shirika lenyewe, katika maelezo lililoyatoa siku ile ile, lilinukuu makadirio kwamba ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa huchangia vifo takriban 34,000 vya saratani duniani kwa mwaka, na tumbaku takriban milioni moja. Tarakimu hizo mbili zilikuwa mezani kwa yeyote aliyetaka kuzichapa.

Tarakimu iliyochapwa badala yake ilikuwa asilimia 18: kila gramu 50 za nyama hiyo kwa siku, yaani kama soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nilimsikia mwalimu mzima, mtu ninayemheshimu, akieleza kwamba kati ya walaji soseji mia moja, kumi na nane watapata saratani. Simlaumu, kwa kuwa hivyo ndivyo sentensi inavyosikika masikioni mwa mtu wa kawaida. Maana yake halisi ni hii: Uingereza, ambako saratani hiyo ni ya kawaida kuliko kwetu, takriban watu 6 kati ya 100 huipata katika maisha yao yote, na kama wote mia moja wangekula soseji kila siku ya maisha yao, wangeipata 7. Mmoja zaidi katika mia, kwa ulaji wa kila siku iendayo kwa Mungu. Sijui ni Watanzania wangapi wenye uwezo wa kula soseji kila siku. Kwa mshahara wangu wa uuguzi mimi sikuwahi kuwa mmoja wao.

Na wakati tulipokuwa tukiogopa soseji za Wazungu, lipo jambo jingine katika Kundi la 1 hilo hilo, lililokaa humo miaka mingi kabla ya soseji, na liko ndani ya maghala yetu. Ni sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwapata watu 317 na kuwaua 125. Mwaka 2016 yakatufikia sisi katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, wakafariki 20. Huo ni ule ugonjwa wa ghafla, unaoonekana. Ule wa polepole, saratani ya ini, hauandikwi popote kwa sababu mgonjwa hufa baada ya miaka na hakuna anayekumbuka ugali wa mwaka gani. Sumu hii haiondoki kwa kupika kwa kawaida, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huwa kubwa zaidi kwa kiasi kikubwa. Dawa yake iko shambani na ghalani: kukausha mahindi juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kuyahifadhi yakiwa makavu kweli, kutupa punje zilizoota ukungu badala ya kuzisaga. Nimejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliona sumukuvu kwenye ukurasa wa mbele ilhali hakuna mtu aliyekufa wiki hiyo, nimeshindwa. Habari ya soseji ilikuja tayari imeandikwa na shirika la habari la nje, ikabaki kutafsiriwa tu. Habari ya sumukuvu ingemlazimu mwandishi apande basi hadi Kondoa au Kiteto. Nadhani sababu ni hiyo kuliko nyingine yoyote.

Nirudi kwenye damu kuganda, kwa sababu iligeuka kuwa suala la taifa zima. Tarehe 13 Aprili 2021 Marekani ilisitisha kwa muda chanjo ya UVIKO-19 ya Johnson & Johnson baada ya watu 6 kupata aina adimu ya kuganda kwa damu, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8 zilizokwisha kutolewa. Siku kumi baadaye usitishaji uliondolewa. Ni chanjo hiyo hiyo iliyofika kwetu tarehe 24 Julai 2021, dozi 1,058,400, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Wengi waliokuwa wamesikia ile habari ya Aprili walikuwa wamelibeba neno moja tu, "yagandisha". Watu 6 kati ya milioni 6.8 ni kusema kwamba ungeujaza Uwanja wa Mkapa karibu mara kumi na tisa ndipo umpate mmoja.

Sasa, ili nisionekane natetea upande mmoja, niseme pia yaliyofuata. Uchunguzi uliendelea, na kufikia Desemba ya mwaka huo mamlaka za Marekani zilikuwa zimehesabu watu 54 kati ya dozi takriban milioni 14, tisa wakiwa wamefariki, zikashauri chanjo nyingine zipewe kipaumbele. Hatari ilikuwa imeonekana kuwa kubwa zaidi ya mara nne ya ile iliyohesabiwa Aprili. Fikiri, Mhariri, jinsi kichwa cha habari cha "mara nne" kingesomwa redioni! Nacho kingekuwa cha kweli. Lakini katika uwanja wetu, kutoka kuujaza mara kumi na tisa ili kumpata mmoja, tungefika kuujaza mara nne na kitu. Mtu aliyepewa picha hiyo anaweza kuelewa kwa nini Wamarekani, waliokuwa na chanjo nyingine rafuni, walihama, na kwa nini nchi iliyokuwa na hiyo moja tu, huku ugonjwa ukiua, ilikuwa na sababu ya kuendelea nayo. Serikali mbili zinaweza kuziona tarakimu zile zile na kuamua tofauti, na zote zisiwe wajinga wala waongo. Hilo halielezeki kwa neno "hatari" peke yake.

Nimewahi kuambiwa na kijana mmoja wa chumba cha habari kwamba wasomaji wa Kiswahili hawapendi hesabu, watakimbia. Ninakataa, na ushahidi ninao kutoka kwenye magazeti hayo hayo. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulitoa vifo vya akina mama 556 kati ya vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukatoa 104. Tarakimu hizi zimesomwa bungeni, zimesomwa kwenye mikutano ya hadhara, zimesomwa redioni, kila mara pamoja na mkia wake wa "kati ya vizazi hai laki moja", na leo hata mpiga debe wa stendi anaweza kukutajia. Hakuna msomaji aliyekimbia. Kumbe habari ikiwa ya mafanikio ya serikali tunaweza kuandika wangapi kati ya wangapi. Ni inapokuwa ya hatari tu ndipo nafasi inapokuwa finyu.

Upande wa pili wa kosa hili ni habari za tiba, na hapo tulifanya vibaya zaidi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, magari yakapanga foleni ya kilometa nyingi, wagonjwa wengine wakafia humo humo njiani. Sina neno baya kwa marehemu. Alichoamini alikiamini, na bei yake haikuwa ya tapeli. Neno langu ni kwa sisi tuliokuwa tukisoma na kuandika. Kwa wiki nyingi kurasa za mbele zilijaa shuhuda za waliopona: huyu alikuwa na kisukari, yule alikuwa na virusi vya Ukimwi. Sikuona mahali palipoulizwa kati ya waliokunywa mwezi Machi wangapi walipimwa kabla, wangapi walipimwa baada, wangapi waliacha dawa za kufubaza virusi, na wako wapi sasa. Ushuhuda hutolewa na aliye hai. Katika wodi tuliwapokea walioacha dawa, wamekwisha, na ndugu zao walikuwa na vipande vya magazeti. Kile kilikuwa kichwa cha habari cha "mara mbili" kilichogeuzwa upande: faida isiyo na idadi badala ya hatari isiyo na idadi.

Sitaki ieleweke kwamba nadai kila chenye idadi ndogo kipuuzwe. Ugonjwa wa Marburg ulipoingia Bukoba mwaka 2023 uliwapata watu 9 na kuua 6. Uliporudi mkoa huo huo wa Kagera mwaka 2025, upande wa Biharamulo, uliwapata 10 na wote wakafa. Kwa idadi, malaria inaua kuliko hivyo kila siku, na mwaka 2023 Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani. Hata hivyo Marburg ilistahili ukurasa wa mbele, kwa sababu ugonjwa unaoambukiza kutoka mtu hadi mtu hauhesabiwi kwa waliokwisha kufa bali kwa wale wanaoweza kuupata kesho. Ninachokiomba ni kwamba sababu hiyo iandikwe waziwazi, ili mkazi wa Mtwara asiogope kula nyama ya kuku na mkazi wa Biharamulo asiendelee kuosha maiti kwa mikono mitupu.

Wala lawama si ya waandishi peke yao. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi wa taarifa 462 ambazo vyuo vikuu 20 vya Uingereza vilizitoa kwa vyombo vya habari, ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya utiaji chumvi ulikuwa umeanzia humo, katika taarifa za vyuo vyenyewe: theluthi moja ya taarifa hizo ziligeuza uhusiano kuwa usababishi kupita ilivyoruhusu tafiti zenyewe. Mtafiti anayetaka fedha za mwaka kesho anajua kwamba "asilimia 18" inang'aa kuliko "kutoka sita hadi saba katika mia". Mwandishi mwenye nidhamu atarudi kwake na kumuuliza swali moja tu, na asipojibiwa ataiacha habari ile ikae.

Ninachoomba kwako, Mhariri, si uajiri mtakwimu. Naomba habari yoyote inayotaja kuongezeka kwa hatari, iwe mara mbili au kwa asilimia kadhaa, isipite mezani kwako kabla haijasema wangapi kati ya wangapi walikuwa wakiugua bila kitu hicho, na wangapi kati ya idadi ile ile wanaugua nacho, kwa muda gani, na kwamba waliochunguzwa ni watu, si panya. Na kwa kuwa wengi tunaishia kichwa cha habari, naomba tarakimu hiyo ikae katika kichwa chenyewe au katika ule mstari mdogo ulio chini yake, ambao watangazaji wa asubuhi nao huusoma. "Vidonge vipya: wawili kati ya 7,000, badala ya mmoja" kinatosha katika safu mbili, nimekipima kwa rula kwenye toleo lako la Jumatano.

Mkwe wa jirani yangu nilimweleza haya kwa kalamu na karatasi ya daftari la mwanawe, nikamchorea uwanja, nikamwekea nukta. Tulipima na presha yake, ilikuwa nzuri. Aliniangalia kwa muda, akaifungua pindo la khanga na kuitoa pakiti, kisha akauliza kwa nini wale wa gazeti hawakuandika hivyo. Nilimwambia nitakuuliza wewe.

Wako,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Tanga